Magari Tuliyoyakausha Kabla ya Jalidi

Kho, kho. Kimya kidogo. Kisha pffff, refu, kama mtu anayetua mzigo kutoka kichwani, halafu matone ya kuchelewa, tak, tak, ndani ya sinki ndogo ya bati. Hivyo ndivyo siku yangu ya kwanza kazini ilivyosikika, na nikifumba macho bado naisikia. Nilikuwa nimesimama ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo, nimevaa ovaroli iliyonizidi mikono, na sikuelewa lolote lililokuwa likiendelea. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa chote kimo ndani ya kabati. Akasema bila kutoka humo:

"Umesikia? Koki hiyo sasa imemaliza. Zile nyingine bado zinadanganya."

Ilikuwa vuli, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika yadi iliyokuwa nje kidogo ya Upplands Väsby, Uswidi, mahali ambapo ndege zinazokwenda Arlanda hutupita juu zikiwa tayari zimeshusha magurudumu. Nilikuwa nimetoka Uvira kwa njia ndefu ambayo sitaisimulia hapa. Shule yangu ilikuwa ndogo na Kiswidi changu kidogo zaidi. Ninyi vijana mnaoniona leo nikiendesha basi mnapenda kuniuliza nilikuwa nafanya nini zamani, nami nikiwajibu mnacheka, mnadhani natania. Basi nimeandika. Mtacheka tena nikisema kwamba kazi ile nimestaafu, maana sina hata unywele mmoja mweupe, lakini kazi yenyewe ilistaafu na yadi yake, nikabaki mimi.

Gari lenye nyumba ndani Waswidi huliita husbil. Kiangazi familia inaingia humo na mbwa wao, wanazunguka pwani na maziwa, na maji wanayobeba yamo ndani ya tangi chini ya kiti. Pampu ndogo inayasukuma mpaka kwenye sinki, bafu na choo, na boila lenye ukubwa wa ndoo linayapasha moto. Mambo mazuri kabisa. Lakini baridi ikija, gari linaegeshwa yadini mpaka mwezi wa nne, na maji yakibaki ndani yanaganda. Yakiganda yanavimba, na bomba la plastiki halina pa kukimbilia. Linapasuka. Boila nalo linapasuka. Mwenye gari hajui kitu mpaka siku anayojaza tena maji kwa furaha zake zote, na maji yanamtokea miguuni.

Kazi yetu ilikuwa kuyatoa maji yote kabla ya jalidi, ule ukungu mweupe unaoganda juu ya majani alfajiri.

Baada ya siku ile ya kuonyeshwa kazi, miezi ya kwanza nilikuwa chini ya Msimamizi wa Usafi, mama mmoja mkali wa sabuni, katika ukumbi wa kuoshea. Kisha wakanihamishia upande wa maji, kwa yule mzee wa kabatini, aliyekuwa Fundi Mkuu. Jina lake alikuwa nalo, lakini mimi nilimwita Shefu kama tulivyozoea Kongo, naye hakushangaa, kwa sababu Waswidi nao mkubwa wa kazi humwita hivyohivyo. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa maneno machache, na kila mara alinukia kahawa.

Alinifundisha kwa mpangilio. Kwanza fungua tangi, liache limwagike lenyewe. Kisha fungua koki zote, na mkono wa koki uuweke katikati, kati ya moto na baridi, la sivyo upande mmoja unabaki na maji yake bila wewe kujua. Shusha mpira wa bafu sakafuni, uukung'ute kama unavyokung'uta nguo. Fungua vali ya boila. Hii vali nataka muielewe, kwa sababu itakuja kutusumbua: ni kifaa chenye kitufe kinachokaa kimebonyezwa, na chenyewe kikihisi baridi inakaribia kugandisha, kitufe kinaruka juu na boila linajimwaga hata kama hakuna mtu. Baada ya hapo unaleta kompresa, unapuliza hewa polepole ndani ya mabomba, unatembea kutoka koki hadi koki ukisikiliza. Koki ikikohoa, bado. Ikipumua tu, imekauka. Mwisho unamimina glikoli, ile dawa nyekundu isiyoganda, kwenye kona ya bomba chini ya sinki ambako maji hujificha. Koki unaziacha wazi majira yote ya baridi. Na kwenye usukani unafunga kitambaa cha njano, maana yake: gari hili ni kavu, msiliguse.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri mwenye kasoro moja: nilikuwa nasafiri. Nikiingia husbil ya watu nikaona mchanga kwenye sahani ya bafu, kombe la pwani kwenye droo, mchoro wa mtoto umebandikwa juu ya jiko, basi mimi sipo tena. Nalala kitandani dakika moja, natazama mawingu kupitia dirisha la darini, na gari linaondoka nami.

"Mapendo," Shefu anaita kutoka nje. "Uko Uhispania tena?"

"Nimeshafika Ureno, Shefu."

"Ni kuzuri?"

"Kuna jua sana."

"Basi niletee spana namba kumi ukirudi."

Hakunigombeza hata siku moja. Siku nyingine nilimkuta yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la watu, mikono juu ya usukani, anatazama ukuta wa uzio.

Katika majira yangu ya tatu alinipa gari la kwanza kulikausha peke yangu. Lilikuwa husbil kuukuu ya rangi ya maziwa, ya mama mmoja wa Jakobsberg aliyeitwa Ingrid. Mimi nilimwita Mama Ingrid. Mwanzoni alishangaa, kwa kuwa hakuzaa. Baadaye nikisahau kulitia hilo "Mama" alinikumbusha. Siku hiyo alikuja na mume wake, Sture, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyenisalimia kwa heshima, na baada ya dakika chache akanisalimia tena kwa heshima ileile.

Mama Ingrid alinivuta pembeni.

"Anasahau," alisema. "Kila mwezi anasahau kitu kingine. Nyumbani anapotea akienda chooni. Lakini humu ndani ya gari hapotei. Anajua koki iko wapi, kikombe kiko wapi, hata gizani. Mwezi wa tano nataka nimpeleke kwenye ziwa letu, wakati bado ananijua."

"Utampeleka, Mama."

"Boila hili halitengenezwi tena. Nimeuliza kila mahali. Likipasuka, gari limekwisha, na gari jingine hatalala ndani yake. Ataogopa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nililikausha gari lile kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Shefu alipokuja kulikagua alisikiliza koki moja baada ya nyingine, akainua kichwa, akasema, "Hili limelala." Nikafunga kitambaa cha njano mwenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu Tantine. Ni shangazi yangu, aliyenilea, na wakati ule tulikaa naye Jakobsberg katika chumba na sebule. Alikuwa anatafuta kazi, nami nilimwombea pale yadini awe anasafisha magari ndani siku za Jumamosi. Alisafisha hivi kwamba Msimamizi wa Usafi mwenyewe alivua viatu kabla ya kuingia. Tatizo ni kwamba Tantine aliingia Uswidi na Uvira yake yote. Kwetu maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Yakija, unajaza kila kitu: madumu, sufuria, beseni, mpaka birika. Koki huiachi wazi, kwa sababu yakirudi ukiwa sokoni yatakuharibia nyumba. Na ukimsafishia mtu nyumba yake, mama mjamzito au mgonjwa, huondoki ukamwachia vyombo vikavu. Huo ni kama utukanaji.

Jumapili moja, jalidi ikiwa imeshaanza usiku wa kuamkia siku hiyo, tulikuwa Akalla, katika ukumbi wa kupanga ambapo jumuiya yetu ilisali. Baada ya ibada akina mama walikuwa jikoni wanaosha vikombe, na mimi nimebeba sinia ya mandazi. Tantine alikuwa na wasikilizaji.

"Wazungu hawa mnawaona hivi hivi! Gari la yule mama mwenye mume anayesahau, jamani, koki zote wazi! Tangi kavu! Hata tone la kumnawisha mgonjwa hakuna. Nikaona aibu mimi kwa niaba yao."

"Ukafanyaje, Mama?" mmoja aliuliza.

"Nifanyeje? Gari si lilikuwa limeingizwa kwenye ule ukumbi wa kuoshea ili nilisafishe? Nikavuta mpira, nikajaza mpaka juu. Nikafunga koki. Nikawasha ile swichi, maji haya hapa, yanakuja! Ila kuna kitu kilikuwa kinavuja chini, kina kitufe kimeruka kama uyoga. Ukikibonyeza kinaruka tena."

"Kimeharibika hicho."

"Ndicho nilichosema. Nikakibana na kibanio cha nguo. Kikatulia, tuli! Kile kitambaa chao kilikuwa kichafu, nikakifua, nikakirudisha kizuri. Jioni wakalitoa nje."

Wakampigia makofi. Mimi sinia iliniinama mikononi, ndazi likaviringika mpaka chini ya meza.

"Tantine. Hilo gari la Mama Ingrid?"

"Hilohilo. Si ndiye anayestahili kuliko wote?"

Nilitoka nje kupiga simu. Jumapili ya Mswidi ni kama chumba chake cha kulala, huingii bila kubisha, lakini nilibisha. Nilimweleza Shefu yote kwa pumzi moja. 

"Kibanio?"

"Cha nguo, Shefu."

"Cha mti au cha plastiki?"

"Shefu!"

"Nakuja kuwachukua. Leo usiku itakuwa baridi kuliko jana. Tukichelewa boila limekwenda."

Nilitaka kwenda peke yangu naye, lakini Tantine alikuwa ameshavaa koti juu ya kitenge chake cha ibada. "Mkono uliobana ndio utakaobanua," alisema, akaingia kiti cha nyuma, akamsalimia Shefu kwa Kifaransa, na Shefu akamjibu kwa kugusa kofia.

Ndani ya husbil pumzi zetu zilikuwa moshi. Niligeuza koki ya jikoni: hakuna kitu. Ya bafu: hakuna. Mabomba membamba yalikuwa yameshaganda. Nikapiga magoti kwenye kabati, na kweli, kibanio kilikuwa kimeng'ang'ania kitufe kama kaa. Nilikitoa. Kitufe kiliruka, vali ikafunguka, nasi tukangoja kusikia maji yakimwagika chini ya gari.

Hayakumwagika.

"Mdomo umeziba kwa barafu," Shefu alisema. "Huenda ndani bado ni maji. Huenda siyo. Tulete joto, lakini polepole. Ukiharakisha, unamalizia kupasua."

Tulivuta waya wa umeme kutoka ukumbini, tukaweka hita ndogo ya feni sakafuni, tukafungua kabati zote. Tantine alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba juu ya magoti.

"Nielezeni basi nimefanya nini," alisema.

Nilimweleza: maji kuwa jiwe, jiwe kuvimba, boila lisilotengenezwa tena, ziwa, mwezi wa tano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Nimemwulia yule mama safari yake."

"Bado, Tantine. Bado."

"Anasemaje?" Shefu aliuliza. Nikamweleza habari za Uvira, madumu na sufuria, na aibu ya kumwachia mtu vyombo vikavu. Alifikiri huku akipapasa bomba kwa vidole.

"Mwambie hivi. Mama yangu huko kaskazini alikuwa haachi nyumba ya mtu bila kuwasha jiko la kuni, ili mwenyewe akirudi akute joto. Mwambie, tungempeleka Uvira, angewachemsha watu wote kwa wema wake."

Nilitafsiri. Tantine alicheka na machozi yakiwa bado yanashuka, kisha akasimama, akavua lile koti, akaagiza taulo na maji ya moto kutoka ukumbini kana kwamba yeye ndiye Fundi Mkuu. Alizungushia boila taulo, likipoa anabadilisha, halafu akalikumbatia kabisa, shavu juu yake, akiimba pambio taratibu. Mimi nilitoka nje, nikalala juu ya jalidi chini ya gari nikitazama mdomo wa lile bomba. Anga lilikuwa la waridi upande mmoja. Ndege ilipita na taa zake. Nilimwona Mama Ingrid akilini mwangu, na ziwa ambalo sijawahi kulifikia, na mzee aliyevaa kofia ya sufu anajua kikombe kiko wapi.

Tone likadondoka. Nikafikiri nimeliota. Likaja la pili, kisha uzi mwembamba, na halafu maji yakafunguka yote, yakanirukia shingoni, nami nikapiga kelele hata Tantine akadhani nimekufa.

"Yanakuja! Shefu, yanakuja!"

Tulikausha upya gari lote mpaka hakuna koki iliyokohoa. Lakini Shefu hakutupa ahadi. Ufa wa baridi huwa mwembamba kama unywele, alisema, na boila lile litasema ukweli wake siku litakapojazwa na kupashwa moto. Ilibidi kungoja.

Kesho yake alimpigia simu Mama Ingrid akamweleza mambo yalivyokuwa, bila kuficha. Sijui alijibiwa nini. Ninachojua ni kwamba Tantine alikaanga mandazi akaenda nyumbani kwao, mwendo mfupi kutoka kwetu, akiwa na maneno ya Kiswidi yasiyojaza kiganja. Nilimfuata baadaye kumtafsiria, nikakuta hawanihitaji. Mama Ingrid alikuwa anamwaga kahawa. Bwana Sture alikuwa anakula ndazi, na kila baada ya muda alimgeukia Tantine akamwuliza yeye ni nani, na kila mara Tantine alimshika mkono, akajitambulisha upya kwa furaha ileile, kama ndiyo kwanza wamekutana. Majira yote ya baridi aliendelea kwenda. Aliniambia Mama Ingrid anapata saa moja ya kulala akiwa yeye yupo.

Mwezi wa nne tulilijaza gari. Koki ya bafu ilikuwa imepasuka, Shefu akaweka nyingine. Kisha tukawasha boila, sote tumepiga magoti mbele yake, Tantine naye. Lilinguruma. Likapata moto. Shefu akapitisha karatasi kavu chini yake, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akanipa mimi niishike. Ilikuwa kavu.

Waliondoka mwezi wa tano, na si mara moja tu. Walikwenda kiangazi kile, na kilichofuata, na vingine baadaye, kila vuli wakilirudisha gari nami nikilikausha. Mama Ingrid alinisimulia kwamba siku ya kwanza ziwani Sture aliamka gizani, akaenda mwenyewe kwenye koki, akajaza kikombe, akamletea yeye. Akamwita jina lake.

Kazi iliendelea. Nilipelekwa kwa muda kwenye tawi letu la pili, chini ya Meneja kijana aliyependa sana mashine yake ya kupima hewa na hakupenda watu wanaolala kwenye vitanda vya wateja. Nilijifunza mengi kwake pia, nisimnyime haki. Nikarudi Väsby Shefu alipokuwa anakaribia kustaafu. Siku ya kumuaga alinikabidhi kompresa yake ya zamani bila hotuba, akaniambia tu nisiiweke mahali penye unyevu. Miaka michache baadaye yadi iliuzwa, ikaja habari kwamba zitajengwa nyumba za ghorofa, karibu na treni. Siku hizi nikipita pale naona roshani na baiskeli za watoto, nami huwaza kwamba wale watoto wanalala mahali ambapo niliwahi kufika Ureno.

Mnaniuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, kutoa maji tu. Mimi naona nilikuwa natunza viangazi vya watu wakati wenyewe hawapo. Nilipenda kuwa wa mwisho kutoka ndani, kufunga mlango polepole. Nilipenda hata baridi kidogo, ingawa hilo msimwambie Tantine.

Vuli ya mwisho ya yadi ile, mapema miaka ya elfu mbili na kumi, Mama Ingrid alikuja peke yake. Bwana Sture alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwezi wa tisa, majuma machache baada ya kurudi kutoka ziwani. Gari alikuwa ameshampata wa kumwuzia, mtu mwema wa Uppsala. "Likaushe vizuri," aliniambia, "kama kawaida yako," akanishika shavu, akaenda kungoja treni.

Nilimaliza kila kitu nilivyofundishwa. Nilipokuwa nakagua mara ya mwisho niliona, kwenye wavu ulio pembeni mwa kitanda upande aliokuwa akilala mzee, chupa ndogo ya maji, imefungwa kizibo, nusu imejaa. Kila chenye maji lazima kimwagwe, hiyo ndiyo kazi. Nilikwenda nayo mpaka kwenye sinki, nikashindwa kuyamwaga. Kisha nikarudi, nikakaa ukingoni mwa kitanda chini ya lile dirisha la darini, nikafungua kizibo na kuyanywa maji yale yote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nikaipindua chupa juu ya kitambaa ikauke.